Msitu uliokomaa hupimwa langoni mwa kiwanda

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya uwekezaji inayowashauri wastaafu kununua msitu wa misonobari uliokwisha komaa. Nimeisoma mara mbili, maana ndilo jambo alilolifanya shemeji yangu miaka sita iliyopita. Mwandishi anasema miti hukua hata mwenyewe akiwa amelala. Ni kweli. Anasema pia kwamba anayenunua msitu mkubwa hangoji miaka 30, kwa kuwa aliyepanda amekwisha kumngojea. Hilo nalo ni kweli. Lakini hakuandika neno hata moja kuhusu gogo lenyewe, na mimi maisha yangu ya kazi yote yamepita katikati ya magogo.

Kwa miaka 27 nilikuwa kwenye lango la kupokelea magogo la kiwanda cha mbao. Lori likiingia, mimi ndiye niliyepanda ngazi nikiwa na rula, chaki na shoka dogo. Nilipima kipenyo kwenye ncha nyembamba, nikaangalia kama gogo limepinda, nikatazama mafundo yalivyokaa, kisha nikagonga kitako kwa kisigino cha shoka na kusikiliza. Gogo zima hulia. Lililooza moyoni halilii, linameza sauti. Baada ya hapo niliandika kwa chaki: gredi ya kwanza, gredi ya pili, mbao za makasha, massa ya karatasi, kuni. Niliwahi kupokea malori mawili yaliyotoka msitu mmoja asubuhi moja, yamebeba mita za ujazo sawasawa, na moja likamlipa mwenye msitu zaidi ya maradufu ya lile jingine. Anayenunua msitu kwa kuhesabu mita za ujazo peke yake hajaona hata nusu ya anachokinunua.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Ni mtu makini, hakurupuki. Alitoa kiinua mgongo chake pamoja na fedha za kiwanja alichouza, akanunua hekta 31 za misonobari yenye umri wa miaka 34. Alinijia akiwa amekwisha kutia sahihi, amebeba bahasha, uso unang'aa. "Shemeji, nimekununulia kazi," akaniambia. Nikafungua karatasi. Zilisema kila hekta ina mita za ujazo 420. Alikuwa amezidisha mwenyewe pembeni kwa penseli: 13,020.

Nilimuuliza mambo mawili tu siku ile. Kwanza, nani alipima, na alipima kitu gani? Pili, umeliona daraja? Hakuwa na jibu la lolote kati ya hayo mawili, na nilijuta kwamba hakuniuliza kabla.

Nianze na kupima, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea bila mtu yeyote kusema uongo. Ujazo wa mti uliosimama haupimwi, unakadiriwa. Mpimaji hupima kipenyo cha shina kwa urefu wa kifua, ambao katika nchi nyingi ni mita 1.3 kutoka ardhini. Hukadiria urefu wa mti, kisha huzidisha eneo la mkato wa shina kwa urefu huo, na kupunguza kwa kuwa mti huchongoka kuelekea juu. Chukua mti wenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 24. Kwa kiwango cha kawaida cha kuchongoka unapata kama mita ya ujazo 0.76. Sasa mpimaji akiwa mkarimu akasoma sentimita 33, ujazo unaruka hadi 0.92. Sentimita tatu tu, upana wa vidole viwili, na mti umenenepa kwa asilimia 21 kwenye karatasi, kwa sababu kipenyo huzidishwa kwa kipenyo chenyewe. Rudia kosa hilo kwenye msitu mzima uone.

Ipo njia ya haraka ambayo Mwaustria Walter Bitterlich aliitangaza mwaka 1948: mtu anasimama sehemu moja, anazunguka akitazama mashina kupitia kipimo kidogo cha pembe, na anahesabu yale yanayojaza kipimo hicho. Ni njia nzuri, nimeiona ikitumiwa na watu hodari. Lakini inategemea umesimama wapi. Ukisimama mara kumi kwenye bonde lenye udongo mzuri na mara moja tu kule juu kwenye mawe, utapata msitu wa bondeni.

Tulipomaliza kuvuna, jumla ya stakabadhi za langoni ilikuwa mita 9,640. Shemeji alilala siku mbili hazungumzi. Siku ya tatu tukakaa na kuzitafuta zilikopotelea. Hekta 31 zilikuwa za hati ya ardhi, pamoja na barabara, kinamasi na ukanda wa kando ya mto usioruhusiwa kukatwa. Zenye miti zilikuwa 28. Hapo peke yake zimekwenda mita 1,260. Halafu zile 420 zilipimwa pamoja na magome, wakati kiwanda hulipa mbao bila magome, na kwenye msitu ule magome yalikula karibu asilimia 12. Zilizobaki zilikuwa vilele vyembamba, miti iliyovunjika ilipokuwa ikianguka, na vitako vilivyooza ambavyo tuliviacha msituni. Karatasi ilikuwa sahihi kwa kila ilichokisema. Haikusema tu kwamba ni hekta za namna gani, na mita za ujazo za namna gani.

Basi nawaomba wasomaji wenu: kabla ya kulipa, mtafute mpimaji wenu wenyewe, asiyelipwa na muuzaji wala na dalali. Mpeni kazi ya kupima eneo lenye miti tu, na aandike kama ujazo ni pamoja na magome au bila magome, na ni hadi wembamba gani wa ncha shina limehesabiwa. Mkiweza, ingieni naye msituni. Shikeni ncha ya pili ya utepe.

Nije kwenye lile linaloniuma zaidi, maana sijaliona likiandikwa. Msitu mchanga unarekebishika. Ukiwa umesongamana, unaupunguza. Una matawi, unayapogoa. Mti uliopinda unautoa mapema, jirani yake akapata jua. Msitu uliokomaa umekwisha kuandikwa. Anayeununua ananunua maamuzi ya mtu mwingine ya miaka 20 iliyopita, mazuri na mabaya, yote yamefungiwa ndani ya mti.

Fundo ni mzizi wa tawi uliomezwa na shina. Tawi likipogolewa mti ungali mwembamba, fundo linabaki katikati, na mbao zote zinazoongezeka nje yake hutoka safi. Likikatwa kwa kuchelewa, mti unaonekana laini vilevile kwa nje, lakini ganda la mbao safi ni jembamba, na msumeno ukipita unakutana na mafundo mara moja. New Zealand, ambako wamepanda kwa wingi msonobari uitwao Pinus radiata, wakulima waliokusudia mbao safi walikuwa wakipogoa hadi kama mita sita na kuweka kumbukumbu za tarehe na kipenyo cha mti siku ile ilipopogolewa. Mnunuzi wa gogo huko aliweza kuitaka kumbukumbu hiyo. Aliyemuuzia shemeji msitu hakuwa nayo. Dalali alimwonyesha shemeji mashina laini, akayapapasa kwa kiganja. Nilipoyaona kwenye meza ya msumeno, mafundo yalianza sentimita nne tu kutoka ukingoni.

Na kuna unene. Dalali aliusifu mti mmoja ambao watu wawili hawakuweza kuukumbatia. Nami nilijua kwamba kiwanda chetu kilikuwa na mashine iliyoundwa kumeza magogo yasiyozidi sentimita 55 kwenye kitako. Lililozidi liliwekwa kando mpaka likusanywe mzigo wa kupeleka mbali, na bei yake ikashuka, wala haikupanda. Viwanda vingi vya kisasa vya mbao laini viko hivyo, vimejengwa kwa magogo ya wastani yanayopita upesi na kwa wingi. Kwa hiyo, anayenunua msitu wa miti minene sana apige simu viwandani kwanza, viwili au vitatu, aulize unene wa mwisho wanaoupokea. Ni swali la dakika moja.

Uozo nao huja kwa mlango usiotegemewa. Kuna kuvu iitwayo Heterobasidion ambayo huingia kwenye visiki vibichi siku miti inapopunguzwa, ikashuka kwenye mizizi, na kutoka hapo ikahamia kwenye mizizi ya miti iliyobaki pale inapogusana. Watunza misitu makini hupaka visiki dawa palepale vinapokatwa, urea au kuvu nyingine isiyo na madhara inayowahi kukalia nafasi. Mwenye haraka hapaki. Miaka 15 baadaye mti unaweza kuwa umesimama wima, kijani kibichi, na ndani ya kitako umekuwa kama sifongo. Kitako ndicho kipande kinene na chenye thamani kuliko vyote. Kwa hiyo mnunuzi asiulize tu, "Msitu umewahi kupunguzwa?" Aulize pia visiki vilifanywa nini, kisha atoboe miti kadhaa kwa keekee ya kuchomoa sampuli. Kijiti kinachotoka, chembamba kama penseli, kinasema kweli.

Mwandishi wenu alitumia maneno "uwekezaji usio na hofu". Hapo sikubaliani naye kabisa. Tarehe 8 Januari 2005 tufani iliyopewa jina la Gudrun iliipiga kusini mwa Sweden, na kwa usiku mmoja iliangusha miti yenye mita za ujazo zipatazo milioni 75, kiasi cha kukaribia mavuno ya nchi nzima kwa mwaka. Mingi ilikuwa misprusi iliyokomaa, jamaa ya misonobari, misitu ya namna hii hii tunayoizungumza. Magogo yalirundikwa hadi kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Byholma na kumwagiwa maji ili yasiharibike, na bei ikaanguka kwa kuwa kila mtu alikuwa anauza siku ileile. Na balaa halikuishia kwenye upepo, kwa sababu miti iliyolala hualika mende wa magome, ambao wakizaliana huvamia hata miti mizima iliyobaki.

Upepo hauchagui ovyo. Mti mrefu una hatari kuliko mfupi, na ule ulioota kwenye udongo uliojaa maji hauna mizizi ya kwenda chini. Mizizi yake imetandazwa kama sahani. Msitu uliosongamana miaka yote, miti yake myembamba imesimama kwa kuegemeana. Mnunuzi mpya akija na shauku, akasema ngoja niupunguze kidogo nipate fedha za kuanzia, anaufungulia upepo mlango. Vivyo hivyo jirani akikata upande wake, ukingo wako ambao haujazoea upepo ndio unaopigwa. Shemeji alipoteza safu nzima ya mashariki namna hiyo, karibu miti 300, mwaka wa kwanza tu. Kwa hiyo angalieni na msitu wa jirani: una umri gani, na mwenyewe anakusudia kuukata lini.

Hata kama hakuna upepo, kungoja kuna gharama yake. Msitu wenye mita 200 kwa hekta ukiongeza mita 16 kwa mwaka, umekua kwa asilimia 8. Ukifika mita 400 na kuongeza mita 10, ni asilimia mbili na nusu. Macho yanaona mita kumi mpya na kufurahi, lakini fedha iliyosimama pale inafanya kazi ndogo kila mwaka unaopita. Mjerumani Martin Faustmann alilionyesha hili kwa hesabu mwaka 1849, na akaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: anayechelewa kuvuna hapotezi tu faida ya fedha iliyo kwenye miti, anachelewesha pia kila zao litakalofuata kwenye ardhi hiyo. Dalali akisema "ununue leo, uvune ukipenda", muulizeni kwa nini anayeuza hakupenda kuvuna mwenyewe. Mara nyingine sababu ni ya heri, ni mtu mzee, warithi wako mbali. Mara nyingine sababu ni daraja.

Daraja la kuingilia msitu wa shemeji lilikuwa halibebi zaidi ya tani 18. Lori la magogo lililojaa huzidi tani 40 katika nchi nyingi. Na barabara yenyewe ilipita kwenye ardhi ya mtu mwingine, kwa ruhusa ya mdomo aliyopewa mwenye msitu wa awali, ambaye walisoma wote. Ruhusa ile iliondoka na yeye. Tulijadiliana miezi minane. Mwishowe magogo yalivushwa kidogo kidogo kwa trekta hadi upande wa pili, yakapakiwa upya, yakalipiwa mara mbili. Mengine yalikaa kando ya barabara wiki saba za joto, yakaingia doa la bluu linaloletwa na kuvu. Mimi nilikuwa ningali kazini wakati ule. Magogo ya shemeji yangu mwenyewe yalifika langoni, nikayapanda kwa ngazi yangu, nikayaandika mbao za makasha. Sikuwa na la kufanya, doa lilikuwa pale. Jioni alinipigia simu. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama angeweza kuyaokoa kwa kuyavusha mapema, nikamwambia ndiyo.

Sipendi wasomaji wadhani nawakataza. Msitu uliokomaa una jambo moja ambalo mazao mengi hayana: bei ikiwa mbaya, unaweza kuacha kuuza. Mahindi yaliyokauka hayangoji, mti ulio hai unangoja, mwaka, miwili, mitatu. Shemeji alifanya vizuri hapo. Mwaka wa kwanza bei ilikuwa chini, akauza ile iliyoangushwa na upepo tu na kuiacha mingine imesimama. Mwaka wa tatu bei ikapanda, akavuna. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu hakuwa na deni. Anayenunua kwa mkopo hana nafasi hiyo, kwa kuwa benki haingoji pamoja na mti. Mwishoni alirudisha fedha zake na kupata faida, ndogo kuliko aliyoipiga kwa penseli, lakini ilikuwa faida.

Halafu ardhi ikabaki na visiki. Makala yenu ilimalizia kwenye mavuno, kana kwamba hapo ndipo mwisho wa hesabu. Nchi nyingi humlazimisha mwenye msitu kupanda tena baada ya kufyeka. Sweden walikwisha kuwa na sheria hiyo tangu 1903. Wajibu huo unakwenda na ardhi, anaununua mnunuzi hata kama hajausoma. Kutayarisha ardhi, miche elfu mbili na zaidi kwa kila hekta, kupalilia, kurudishia iliyokufa, kuzuia wanyama wasile ncha. Na vile visiki vibichi huvutia fukusi wa misonobari, ambao huzaliana humo kisha hutafuna magome ya miche mipya hadi ikakauka. Shemeji alipanda, akapoteza zaidi ya nusu ya miche msimu wa kwanza, akapanda upya. Fedha za kupandia zinatakiwa zitengwe siku msitu unaponunuliwa, ziandikwe kabisa kwenye hesabu ya bei. Asiyezitenga anakuwa ameulipia msitu kupita thamani yake.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo. Mtakapoandika tena kuhusu biashara hii, mhojini na mtu wa langoni, au dereva wa lori la magogo, au yule anayeinama kupanda miche. Dalali anajua bei ya msitu siku unapouzwa. Sisi tunaijua siku gogo linapopimwa, na kwa mstaafu aliyeweka fedha zake zote, tofauti kati ya siku hizo mbili ndiyo matibabu yake na ada za wajukuu.

Shemeji amenipigia juzi. Kuna msitu mwingine unauzwa, hekta 12, wenye umri wa miaka 29. Safari hii hajatia sahihi popote. Jumamosi tunakwenda pamoja, yeye na utepe na keekee, mimi na shoka langu dogo. Nimemwambia tutaanzia darajani.

Wako,
Mpima magogo mstaafu